Fundi Anajibu: Nyota Tano za Nani?

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja, na ni jambo ninalolijali sana: maoni ya wanunuzi wa gemu na vifaa vyake, yale tunayoyasoma kabla ya kutoa pesa. Kwa wasomaji wapya, kazi yangu ni kufungua padi za kuchezea gemu, hedifoni na konsoli zilizogoma. Kwa hiyo maoni ya wateja huwa nayasoma kifaa chenyewe kikiwa kimefunguliwa mezani mbele yangu, na hapo maneno ya watu yanapata uzito mwingine kabisa.

Shikamoo Fundi. Nataka kununua padi ya pili. Niliyoipenda ina wastani wa nyota nne na nusu kutoka kwa maelfu ya watu, lakini nikishuka chini nakuta wengine wanasema baada ya muda mchezaji kwenye skrini anatembea mwenyewe bila kijiti kuguswa. Niwaamini wengi au wachache?
*Mcheza mpira, miaka 19*

Marahaba. Kwa hili waamini wachache, na nitakueleza kwa nini ni wachache.

Ukifungua padi ya kawaida, ubavuni mwa kila kijiti cha kuelekezea utakuta visanduku viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kisanduku kuna ukanda mwembamba mweusi wa kaboni uliopinda kama upinde, na juu yake kuna ulimi mdogo wa chuma unaosugua. Kijiti kikiinama, ulimi unahama kwenye ukanda, kiasi cha umeme kinabadilika, na padi inajua umeelekea wapi. Kifaa hiki ni potenshiometa, jamaa wa kile kilichomo kwenye kitufe cha sauti cha redio za zamani, zile zilizokuja kukwaruza kila ukiongeza sauti.

Tatizo ni huko kusugua. Padi iliyotumika sana nikiifungua, pale katikati ambapo ulimi unapumzika naona mstari uliochimbika, unang'aa kuliko sehemu nyingine, na pembeni yake kuna unga mweusi. Ukanda ukishalika hapo, padi haijui tena katikati ni wapi. Wewe umeachia kijiti, yenyewe inaamini bado unakisukuma. Mchezaji anatembea.

Mwaka 2021 watu wa iFixit, wanaojulikana kwa kufungua vifaa na kueleza namna ya kuvitengeneza, waliichunguza padi ya PlayStation 5. Potenshiometa zake zilikuwa zimekadiriwa kudumu mizunguko milioni 2. Walipohesabu jinsi kijiti kinavyozungushwa kwenye gemu ya kufyatuliana risasi, wakapata kwamba kikomo hicho kinaweza kufikiwa baada ya saa 417 za kucheza. Ukicheza saa 2 kila siku, hiyo ni miezi 7 hivi.

Sasa rudi kwenye zile nyota. Duka humtumia mteja ujumbe wa kumwomba maoni lini? Siku chache baada ya mzigo kufika. Wakati huo mtu anasifu rangi, uzito, jinsi padi inavyotulia mkononi, na yote anayosema ni kweli. Ila kijiti chake hakijafika popote. Atakayefika kwenye tatizo atafika miezi mingi baadaye, na wengi wakifika huko wananung'unika nyumbani, wananunua nyingine, hawarudi kuandika. Wale wachache uliowakuta chini ndio waliorudi, na ningekuwa wewe ningewashukuru.

Kwa hiyo fanya hivi. Panga maoni kwa yaliyo mapya zaidi, kisha soma yale tu ambayo mtu ametaja muda: "baada ya mwaka", "nimeongeza haya leo", "hii ni ya pili kununua". Kama padi yenyewe imeingia sokoni juzi tu, hakuna anayeweza kukuambia itadumu, hata awe na nyota ngapi. Halafu angalia kama maelezo yake yanataja vijiti vya Hall, yaani vya sumaku. Kwenye hivyo hakuna ulimi unaosugua ukanda: sumaku inasogea, kihisio kinaipima bila kuigusa. Si jambo jipya, padi ya Sega Dreamcast ya mwaka 1998 ilikuwa nayo tayari. Siku hizi kuna pia vya TMR, ambavyo navyo hutumia sumaku. Mimi navipenda vya aina zote mbili, ingawa sumaku haiokoi springi iliyochoka wala betri iliyovimba.

Na jambo moja linalokuhusu wewe mcheza mpira. Gemu nyingi zina eneo tulivu, yaani kijiti kikisogea kidogo tu karibu na katikati, gemu inapuuza. Anayecheza mpira akiwa na eneo tulivu kubwa anaweza kukaa na kijiti kilichoanza kuharibika bila kujua, wakati mwenzake wa gemu za kulenga shabaha, padi ileile, anaona darubini ya bunduki ikielea pembeni. Wote wawili wataandika maoni, mmoja nyota tano, mwingine moja, na hakuna aliyedanganya. Tafuta aliyecheza unachocheza wewe.

Fundi, habari za kazi. Kuna gemu naitamani tangu mwaka juzi. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, jumla ya maoni yake ni "Mchanganyiko", lakini maoni ya karibuni ni "Chanya Sana". Rafiki yangu anasema jumla ndiyo ukweli, hayo ya karibuni ni mashabiki tu waliobaki. Nani yuko sahihi?
*Mwenye kompyuta ya zamani*

Nzuri. Rafiki yako angekuwa na hoja kama mngekuwa mnabishania padi. Padi iliyotoka kiwandani mwaka juzi ni ileile leo, imechakaa tu. Gemu iliyotoka mwaka juzi huenda leo imebaki jina, ndani imejengwa upya. "Mchanganyiko" kwenye Steam maana yake ni kwamba kati ya asilimia 40 na 69 ya walioandika wanaipendekeza. "Ya karibuni" ni ya siku 30 zilizopita. Wewe unanunua gemu ya leo, kwa hiyo anza na ya leo.

Mfano ninaoupenda ni No Man's Sky. Ilitoka Agosti 2016, na watu wakalalamika, kwa haki kabisa, kwamba mambo waliyoahidiwa hawakuyakuta. Maoni yake yaliporomoka vibaya. Hello Games, studio ndogo ya Uingereza, hawakukimbia. Waliendelea kuongeza vitu mwaka hadi mwaka bila kumdai senti aliyekwisha kununua, na mwaka 2024 jumla ya maoni yake ikafika "Chanya Sana". Zingatia kwamba hasira yote ya 2016 bado imo ndani ya jumla hiyo. Ni watu wengi sana waliokuja baadaye wakaipandisha, na kulikuwa na miaka ambayo gemu ilikuwa nzuri tayari huku jumla ikisema vingine.

Tangu 2017 Steam inaweka mchoro wa nguzo unaoonyesha maoni yalivyokwenda mwezi kwa mwezi. Uangalie. Nguzo za maoni hasi zikiota ghafla, bofya hapo usome watu walikasirikia nini, maana sababu hazifanani. Mei 2024 Helldivers 2 ilipata maoni hasi zaidi ya 200,000 ndani ya siku chache. Gemu haikuwa imeharibika. Sony walikuwa wametangaza kwamba wachezaji wa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation, na wako watu waliokuwa wameinunua na kuicheza katika nchi ambako huwezi kufungua akaunti hiyo. Wangefungiwa nje ya kitu walichokilipia. Sony wakaliondoa sharti hilo. Wapo wanaoyaita mafuriko ya namna hiyo fujo. Kwa hili siungi mkono, hao walikuwa wateja wenye dai, na mlango pekee uliokuwa wazi kwao ulikuwa ule wa maoni.

Linganisha na lililotokea Juni 2020. The Last of Us Part II ilitoka, na saa chache tu baadaye ukurasa wake wa Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na za watumiaji, ulikuwa umejaa sifuri za watumiaji. Ile ni gemu ya zaidi ya saa 20. Walioandika asubuhi ileile hawakuwa wameimaliza, na Metacritic haimdai mtu uthibitisho kwamba gemu anayo. Baadaye waliweka kanuni ya kusubiri saa 36 tangu gemu itoke kabla ya mtumiaji kuruhusiwa kuandika. Afadhali, ingawa kusubiri si kucheza.

Steam kidogo iko mbele hapo, kwa sababu kila maoni yanaonyesha mwandishi amecheza saa ngapi. Mimi hiyo namba naiangalia kabla ya kusoma neno lolote. Nikiona mtu ametoa maoni hasi akiwa na saa 1.8, najua nini kimetokea: Steam inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujafikisha saa 2 za kucheza, kwa hiyo huyo huenda amejitoa mapema. Mwenye saa 600 anayesema "msinunue" ni habari nyingine. Huyo nakaa chini nimsome, kwa sababu kuna kitu alikipenda na amenyang'anywa.

Wewe mwenye kompyuta ya zamani, hiyo ruhusa ya saa 2 ndiyo kinga yako kuliko maoni ya mtu yeyote. Siku ya kwanza usiimalizie kwenye utangulizi na kuchagua nywele za mhusika. Nenda moja kwa moja mahali penye watu wengi na milipuko, uone kama kompyuta inahimili.

Dada Fundi, mwanangu wa miaka 13 ana PlayStation 5 na anaomba hedifoni. Anavaa miwani. Nimepata zisizo na waya zenye sifa ya "sauti ya 7.1", zinasifiwa sana, lakini wengi wa nyota moja wanasema "hazifanyi kazi kabisa". Naogopa.
*Mama yake*

Usiogope, mama. Maoni uliyonitumia nimeyasoma, na mengi ya hao wa nyota moja wamepata hedifoni nzima. Walichokosa ni kuambiwa kwamba PlayStation 5 haipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth. Unaziwasha, konsoli inakataa, unaandika kwa hasira kwamba ni mbovu. Xbox ni vivyo hivyo. Nintendo Switch ilikuwa hivyo hadi sasisho la Septemba 2021, na hata baada ya hapo maikrofoni ya Bluetooth haifanyi kazi. Hizo ulizoziona zina Bluetooth tu. Tafuta zinazokuja na kipokezi chake kidogo cha kuchomeka kwenye USB, au za waya zinazoingia moja kwa moja kwenye padi. Kipokezi kina faida nyingine: sauti inafika haraka. Kwa Bluetooth mlipuko unaweza kuuona kwanza, ukausikia baadaye.

Hiyo 7.1, yaani sauti ya kukuzunguka kama ya spika nane, isikupe taabu. Fungua hedifoni za namna hiyo na karibu kila mara utakuta spika mbili, moja kwa kila sikio. Hesabu ya kumfanya mtoto asikie hatua za adui nyuma yake inafanywa na programu, na PlayStation 5 inaifanya yenyewe kwa hedifoni yoyote. Pesa ya sifa hiyo iweke kwenye mito ya masikio.

Miwani ndiyo swali lako kubwa, na hapo maoni ya wateja hayana mshindani. Hakuna boksi linaloandika jinsi hedifoni inavyobana. Andika neno "miwani" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya maoni, usome hayo tu. Mtu wa miwani atakuambia kwamba baada ya saa moja mikono ya fremu ilianza kumuuma juu ya sikio, au kwamba mito ni laini na inaipokea. Angalia pia uzito. Gramu 250 na gramu 380 hazionekani tofauti kwenye picha, ila shingo ya mtoto inazijua.

Kuhusu kudumu, nikwambie zinakofia, ili ujue cha kutafuta kwenye picha ambazo wanunuzi wanapiga wenyewe. Kwanza ni ngozi bandia ya mito: inaanza na mikunjo midogo pale inapogusa taya, kisha inabanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni. Hilo halinitishi kama mito inachomoka na mingine inauzwa. Pili ni plastiki ya pale kikombe cha sikio kinapozunguka. Ufa mwembamba unaanzia kwenye tundu la skrubu na kupanda juu, na siku moja kikombe kinabaki kinaning'inia kwa waya. Ukiona picha za wanunuzi watatu wanne wenye ufa mahali palepale, achana nazo hata kama sauti yake inaliza watu.

Na maikrofoni: anayevaa haisikii maikrofoni yake. Maoni yanayosema "maikrofoni ni safi sana" bila kutaja nani alimsikia yaruke. Anayesema wenzake walimwomba azime kwa sababu ya mvumo, huyo ana ushahidi.

Fundi, nimeona kadi ya kumbukumbu ya terabaiti 1 kwa bei ya kutupa. Maoni ni mazuri. Niichukue kwa ajili ya gemu zangu?
*Msomaji*

Usiichukue. Kadi za namna hiyo mara nyingi ndani ni ndogo sana, zimepangwa tu ziiambie kompyuta kwamba ni kubwa. Mnunuzi anaiweka, anaona "terabaiti 1" kwenye skrini, anatoa nyota tano kwa moyo mweupe. Siku nafasi halisi itakapojaa, gemu mpya zinapotea au zinaandikwa juu ya zile za zamani. Maoni ya kuamini ni ya mtu aliyeijaza kadi nzima kwa programu ya kupima kama H2testw au F3 na akasema matokeo. Tena kama mashine yako ni Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, gemu zake zinataka kadi za microSD Express, kwa hiyo sifa zote za kadi za Switch ya kwanza hazikuhusu.

Ndani ya boksi la mausi niliyonunua nimekuta kadi ndogo: "Tupe nyota tano, piga picha ya skrini, ututumie, upate zawadi." Mausi yenyewe si mbaya. Nikifanya hivyo nina kosa gani?
*Mwanafunzi*

Kosa lipo, na nakuomba usifanye. Hujaombwa maoni hapo. Umeombwa uuze nyota tano, na anayezinunua hakulipi kwa mfuko wake: atakayelipa ni mtu usiyemjua, atakayekuja baada yako na pesa aliyoikusanya muda mrefu, aone zile nyota, anunue. Mimi ndiye ninayekutana na mtu huyo. Anakuja na mausi inayobofya mara mbili ukiibonyeza mara moja, ananionyesha maoni kwenye simu, ananiuliza kwa nini wote walisifu. Sina jibu la kumpa zaidi ya kadi kama hiyo uliyoishika.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Marekani, kanuni ya tume ya biashara FTC iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza kutoa malipo au zawadi kwa sharti kwamba maoni yawe chanya, au yawe hasi. Inakataza pia maoni ya uongo, yakiwemo yaliyotungwa na mashine. Uingereza sheria yao dhidi ya maoni ya uongo ilianza Aprili 2025. Kupewa kifaa bure ili ukijaribu ni jambo jingine, mradi useme wazi kwamba umepewa na hakuna aliyekupangia cha kusema.

Mausi kama si mbaya, andika kwamba si mbaya. Nyota nne za kweli zina faida. Kisha taja kadi hiyo ndani ya maoni yako na uweke picha yake, na uiripoti kwa duka ulilonunulia. Wengine wakiiona watajua zile tano nyingine zimetoka wapi.

Kwa kuwa umeuliza, na wengine wananiuliza namna ya kuyatambua maoni yaliyonunuliwa: angalia picha. Picha ya boksi lililofungwa, au kifaa kipya kabisa juu ya meza safi huku maneno yanasema "naitumia kila siku", inanipa mashaka. Angalia tarehe, kama sifa nyingi zimemwagika wiki moja kisha kimya. Na soma maoni ya zamani kabisa ya ukurasa huo. Nimewahi kukuta chini ya mausi ya gemu watu wanasifia kava la simu. Muuzaji alichukua ukurasa wa bidhaa ya zamani wenye nyota zake, akabadilisha picha na jina, nyota zikabaki.

Fundi, unatuhimiza tusome na wahakiki wa magazeti. Wale wanapewa gemu bure. Mimi namwamini mnunuzi mwenzangu aliyetoa pesa yake.
*Asiyekubaliana nawe*

Karibu, napenda ubishi wa namna hii. Una hoja moja yenye nguvu, na nitaitetea kabla ya kukupinga.

Desemba 2020 Cyberpunk 2077 ilipotoka, wahakiki walikuwa wameisifu sana. Lakini kabla ya tarehe ya kutoka walikuwa wamepewa nakala za kompyuta tu. Hakuna aliyekuwa amepewa ya PlayStation 4 wala Xbox One. Tarehe 10 gemu ikaingia mikononi mwa wanunuzi, na hao wa konsoli za zamani ndio waliouonyesha ulimwengu kilichomo: picha zinakwama, watu barabarani wanatoweka, gemu inajifunga yenyewe. Wiki moja baadaye Sony waliiondoa kwenye duka lao na kuahidi kurudisha pesa. Haikurudi hapo hadi Juni 2021. Kazi hiyo aliifanya mnunuzi, kwa mashine yake mwenyewe na pesa yake mwenyewe, na hakuna mhakiki angeweza kuifanya kwa nakala aliyokuwa nayo.

Ila kutoa pesa nako kunapofusha. Aliyetumia akiba yake yote hataki kusikia kwamba amenunua kitu cha kawaida, ataitetea gemu kuliko walioitengeneza. Mhakiki hana kidonda hicho. Tena amecheza nyingi za aina moja, anajua wazo lipi ni jipya na lipi limerudiwa. Jarida la Famitsu la Japani lina utaratibu ninaouheshimu: gemu moja inapewa watu wanne, kila mmoja anatoa alama zake juu ya 10, na zote zinachapishwa. Ukiona 9, 9, 8 na 5 unajua mmoja kaona kitu, unamsoma yeye kwanza. Jumla ya 40 juu ya 40 ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1998, kwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time.

Mhakiki namuuliza gemu ni nini. Mnunuzi namuuliza itanikuta vipi mimi, kwenye mashine yangu. Sioni sababu ya kumfukuza mmoja wao.

Niliandika maoni kuhusu kibodi yangu: "Takataka. Msinunue." Hakuna hata mtu mmoja aliyeyaona yana msaada. Nilikosea wapi? Kitufe cha nafasi kinaandika mara mbili mbili.
*Mwenye hasira bado*

Hasira yako naielewa, na taarifa nzuri unayo, iko kwenye barua yako ila haikuingia kwenye maoni. "Kitufe cha nafasi kinaandika mara mbili mbili" lina msaada kuliko "takataka" mia. Ningeliandika hivi:

"Nimeitumia kwa miezi tisa, gemu jioni na kuandika mchana. Swichi nyekundu, waya, Windows. Ilikuwa nzuri kwa miezi minane, kisha kitufe cha nafasi kikaanza kuandika mara mbili. Nimesafisha, nimejaribu kompyuta nyingine, ni vilevile. Muuzaji alijibu baada ya wiki mbili, akakataa waranti. Taa na vitufe vingine havina tatizo."

Weka miezi yako na mashine yako badala ya hizo nilizozitunga. Anayesoma hapo anajua umekaa nayo muda gani, unafanyia nini, kimeharibika nini hasa, na muuzaji ni mtu wa namna gani siku ya shida. Hiyo sehemu ya muuzaji watu wanaisahau, na kwangu ndiyo ya kwanza. Kifaa chochote kinaweza kutoka kibovu. Ninachotaka kujua ni nani atapokea simu. Ila tenganisha: boksi lililobondeka njiani ni la msafirishaji, usiipokonye kibodi nyota kwa ajili yake.

Maduka mengi yanakuruhusu kuhariri ulichoandika, kwa hiyo rudi ukaandike upya leo.

Na kabla hujaitupa hiyo kibodi, vuta kifuniko cha kitufe cha nafasi taratibu kwa pande zote mbili, maana chini yake kuna waya wa kusawazisha unaopinda kirahisi. Tazama swichi iliyo katikati. Kama ni ya aina inayochomoka, ibane juu na chini kwa koleo dogo lililokuja kwenye boksi, uivute wima bila kuizungusha, na ubadilishane na ya kitufe usichokitumia, kama Scroll Lock. Tatizo likihama na swichi, umeshajua unanunua swichi moja tu. Likibaki palepale, tatizo liko kwenye bodi, niandikie tena na picha ya upande wa chini.